Barua kwa Mwanangu Kuhusu Goti la Becky Hammon na Goti Lako

Upanga, Dar es Salaam
Novemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote ni wazima, na baba yako anakuulizia kila asubuhi kana kwamba mimi ndiye ninayelala karibu na goti lako. Ujumbe wako wa Jumapili usiku nimeusoma mara tatu. Umeniuliza mambo mawili kwa mkupuo mmoja: kama Becky Hammon, yule mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, asingeumia goti mwaka 2013 angekuwa kocha, na kama wewe, ukikubali kuwa kocha msaidizi wa wasichana wa klabu yenu huko Kigali wakati unajiuguza, utakuwa umekubali kwamba umekwisha. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa sababu maswali haya yanataka mtu ayapitie taratibu, arudi nyuma, kisha aendelee.

Nianze na Hammon, kwa kuwa ndiye uliyemtaja, na kwa kuwa picha yake ulikaa nayo ukutani tangu tulipokuwa tunaishi Ilala. Wanaomsimulia siku hizi huanzia kwenye goti. Julai 2013, akiwa na umri wa miaka 36, aliumia akiichezea timu ya wanawake ya San Antonio na msimu wake ukaishia hapo. Kwa kuwa Spurs, timu ya NBA, ile ligi ya wanaume ya Marekani, walikuwa mji huo huo, aliomba kuhudhuria mazoezi na vikao vyao wakati anajitibu, na kocha Gregg Popovich akamkubalia. Agosti 2014 akaajiriwa kuwa kocha msaidizi, mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo kwa muda wote na kwa mshahara katika NBA. Ukiisikia habari hiyo kwa mpangilio huo, utadhani goti ndilo lililomfungulia mlango.

Lakini kumbuka kwamba Hammon alikwisha kuumia goti vibaya mara moja kabla ya hapo, mwaka 2003, alipokuwa New York. Mwaka huo hakuna aliyemwita kwenye kikao cha makocha. Alijiuguza, akarudi kucheza, basi. Kwa hiyo ukitaka kujua kilichomfanya kocha, tazama miaka 10 iliyokuwa kati ya goti la kwanza na la pili, na ile iliyotangulia, kwa kuwa kuumia aliumia mara zote mbili.

Alipoingia WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, mwaka 1999 hakuchaguliwa na timu yoyote katika uteuzi wa wachezaji wapya. Alikuwa na urefu wa sentimita 168, ambao kwa mchezo ule ni ufupi, na New York Liberty walipomchukua alikaa benchi nyuma ya Teresa Weatherspoon, aliyekuwa akiongoza mchezo wa timu ile. Mtu wa namna hiyo hana anachoweza kukitegemea isipokuwa macho. Anajifunza nani atakimbilia wapi kabla hajakimbia, na nani akichoka huangusha bega. Nikuambie jambo moja ambalo huenda hujaliwaza: katika kikosi kile cha mwaka 1999 walikuwamo Weatherspoon, Vickie Johnson na Hammon, na wote watatu walikuja kuwa makocha wakuu katika WNBA. Magoti hayakuwafikisha huko wote watatu. Mimi naamini waliokuwa pamoja kwenye mazoezi yale walikuwa wakifundishana kila siku, bila mtu yeyote kuyaita mambo hayo ukocha.

Kisha akaenda ugenini. Alipoona timu ya taifa ya Marekani haimhitaji, alichukua uraia wa Urusi, ambako alikuwa akicheza katika klabu, na mwaka 2008 huko Beijing akapata medali ya shaba akiwa na jezi ya Urusi. Kwao alilaumiwa sana. Sitaki kuhukumu uamuzi ule. Ninachokiona ni kwamba alilazimika kuongoza mchezo kati ya wenzake wa lugha nyingine, na wewe unalijua jambo hilo kuliko mimi, maana ulinisimulia jinsi ulivyokaa miezi miwili ukijifunza kuita ulinzi kwa Kinyarwanda.

Kwa hiyo jibu langu la swali la kwanza ni hili: naamini angekuwa kocha hata kama goti lisingeumia, ila pengine angechelewa, na pengine asingeanzia kwa wanaume. Goti lilimpa nafasi ya kukaa tu na kusikiliza, nafasi ambayo mchezaji mwenye afya hana, kwa kuwa kila mara yumo katika kujiandaa kwa mechi ijayo. Mengine alikuwa nayo tayari. Akakaa Spurs miaka minane. Julai 2015 aliongoza timu yao katika ligi ya majira ya joto ya Las Vegas na kutwaa ubingwa. Tarehe 30 Desemba 2020 Popovich alitolewa na waamuzi katika robo ya pili dhidi ya Lakers, na Hammon akaimalizia mechi akiwa ndiye kocha mkuu, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya katika mechi ya msimu wa NBA. Walifungwa, na hata hivyo alikuwa amesimama pale.

Kazi ya ukocha mkuu katika NBA hakuipata. Mwisho wa mwaka 2021 alikubali kuifundisha Las Vegas Aces, ambayo ndiyo ile ile timu ya San Antonio aliyoichezea, iliyohamishiwa Las Vegas mwaka 2018. Akachukua ubingwa mwaka 2022, akauchukua tena mwaka 2023 kwa kuifunga New York, timu iliyompokea alipokuwa hatakiwi na mtu, na mwaka huu wa 2025 akauchukua mara ya tatu. Huu wa mwaka huu ndio ninaotaka uutazame vizuri. Agosti 2 walifungwa na Minnesota Lynx kwa pointi 111 kwa 58, nyumbani kwao. Tofauti ya pointi 53, mwanangu! Walikuwa wameshinda mechi 14 na kupoteza 14. Baada ya usiku ule hawakufungwa tena hadi msimu wa kawaida ukaisha, mechi 16 mfululizo. Mchezaji akifungwa namna ile hulala na uchungu wake mwenyewe. Kocha hulala na uchungu wa kikosi kizima, na asubuhi lazima awe wa kwanza kufika mazoezini akiwa na jambo la kuwaambia. Ukiipokea kazi unayopewa, huo ndio mzigo utakaoupokea, na kwa wasichana wa miaka 16 ni mzito zaidi, kwa sababu bado hawajajua kwamba kufungwa hupita.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kukueleza lote, na ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mei 2023 WNBA ilimsimamisha Hammon mechi 2 bila malipo, kwa kauli zilizohusu ujauzito wa mchezaji wake, Dearica Hamby, ambaye timu ilimhamishia Los Angeles. Hammon alikana kwamba mchezaji huyo alihamishwa kwa sababu ya mimba. Ligi ilisema alivunja kanuni za kuheshimiana kazini. Niliposoma habari ile nilikaa kimya kwa muda mrefu, mpaka baba yako akaniuliza kama nimepokea habari ya msiba.

Mwaka 1992 nilikuwa mlinzi wa goli katika timu ya netiboli ya ofisi, hapa hapa Dar es Salaam. Kocha wetu alikuwa mwanamke, mfungaji hodari katika ujana wake, na yote niliyoyajua katika mchezo ule nilifundishwa na yeye. Alinifundisha kusimama futi tatu kutoka kwa mfungaji bila kutazama chini, kwa kunifanya nirudie mpaka miguu yangu ikaijua futi tatu yenyewe. Nilipokuwa na mimba yako ya miezi mitatu nilimweleza yeye kabla ya shangazi zako, kwa kuwa nilimwamini. Kesho yake, mbele ya wenzangu wote, aliniambia nirudishe sare kwa sababu timu ina mashindano. Hakugomba, wala hakupandisha sauti. Nilikwenda nyumbani nikaifua ile sketi na fulana, nikazipiga pasi ya mkaa, nikahesabu marinda yote ili yakae sawa, kisha nikampelekea zikiwa ndani ya mfuko wa karatasi. Alipokea akasema asante. Sikuwahi kucheza tena.

Labda mimba ile ilikuwa lazima iniweke nje kwa muda, na hata mimi nilijua hivyo. Lakini angeniita pembeni. Angeniambia nikae benchi nimsaidie kuwafundisha walinzi wadogo, na ningekuja kila jioni na tumbo langu hadi siku ya kujifungua. Kwa miaka mingi nilijiuliza ilikuwaje mtu aliyewahi kuvaa sare ile ile akasahau inavyokuwa kuivua. Sasa nadhani hakusahau. Alidhani tu kwamba akiwa kocha hapaswi kukumbuka. Ndiyo maana Hammon ninamheshimu kwa kazi yake na bado habari ile inaniuma, na sitaki uisome historia yake ukaruka ukurasa huo, kwa kuwa wewe utakuwa na wasichana mikononi mwako, na siku moja mmoja wao atakuja kukuambia jambo kabla hajamwambia mama yake.

Katika swali la pili, la kwamba umekwisha, mtazame Dawn Staley, naye mchezaji wa Marekani. Mwaka 2000 alikubali kuwa kocha mkuu wa wanawake katika Chuo Kikuu cha Temple, mjini Philadelphia alikozaliwa, na wakati huo alikuwa bado mchezaji. Mwaka huo huo alichukua dhahabu ya Olimpiki ya Sydney, mwaka 2004 akachukua nyingine Athens ambako ndiye aliyebeba bendera ya Marekani, na alicheza WNBA hadi mwaka 2006. Miaka sita alifundisha majira ya baridi na kucheza majira ya joto. Alipohamia South Carolina mwaka 2008 alikuwa na uzoefu wa kutosha, na mataji ya mwaka 2017, 2022 na 2024 yalikuja baadaye. Hakuna aliyemwambia achague siku ile ile.

Wala huna haja ya kutazama Marekani tu. Rena Wakama ulimwona kwa macho yako hapo Kigali mwaka 2023, akiwa kocha wa Nigeria iliyotwaa ubingwa wa Afrika. Alikuwa ameichezea timu hiyo mwaka 2015. Mwaka 2024 aliifikisha robo fainali ya Olimpiki ya Paris, mahali ambapo timu ya Afrika ya mpira wa kikapu, ya wanaume au ya wanawake, haikuwahi kufika, na FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu la dunia, ikamtaja kuwa kocha bora wa mashindano ya wanawake. Wewe na yeye ni watu wa rika moja.

Kwa hiyo kubali, mama, ila usikubali kwa mdomo. Wape jibu kwa maandishi na udai mkataba unaotaja kazi yako, saa zako na malipo yako, tofauti na mkataba wako wa uchezaji, na ndani yake paandikwe kwamba daktari akikuruhusu utarudi uwanjani bila kupoteza nafasi ya benchi. Waombe wakulipie kozi ya ukocha ya ngazi ya kwanza, kwa maana kujua kucheza na kujua kufundisha ni vitu viwili. Na mazoezi ya goti usiyaache hata siku moja kwa kisingizio cha wasichana.

Jumamosi iliyopita nilipita JMK Park, pale Kidongo Chekundu, nikamkuta yule binti wa Kigogo uliyekaa naye ulipokuja likizo Juni, ukiwa na bandeji yako na gongo umeliegemeza kwenye uzio. Nakumbuka ulivyomshika kidevu ukakiinua, ukamwambia asitazame mpira anapodunda, atazame nyonga ya anayemkaba. Bado anakosea. Anadunda mara mbili vizuri, kisha macho yanashuka. Lakini nilimwona mara nne akijishika kidevu mwenyewe, akakiinua, akaendelea. Ameniuliza utarudi lini, nami nimemwambia Desemba, kwa hiyo usiniaibishe.

Ni mimi mama yako.