Ukitunga lugha ya programu, usipitishe kila orodha kwenye heshi

Nilipoanza kuandika lugha yangu ndogo kwa lugha ya C, nilivutiwa na jinsi lugha za Lua na PHP zinavyobeba orodha na jedwali la funguo (majina au namba za kutafutia vitu) ndani ya muundo mmoja. Nikachukua njia ya mkato: kila kitu nikakitia kwenye jedwali la heshi, yaani jedwali linalokokotoa namba kutoka kwenye ufunguo ili kujua kitu kikae wapi, hata orodha ya kawaida ya 1, 2, 3.

Ilifanya kazi, mpaka niliposoma faili lenye mistari milioni moja. Siku mbili nzima nilihangaika na fomula ya heshi, kumbe tatizo lilikuwa kwenye ukuaji. Jedwali likijaa, nililiongezea nafasi 1,000 tu, kisha nikahamisha vyote vilivyomo. Piga hesabu: kufika milioni moja unahamisha vitu karibu milioni 500. Ukianza na nafasi 8 na kuzidisha mara mbili kila zinapojaa, unahamisha 1,048,568 basi. Hili lirekebishe kabla ya jingine lolote.

Kisha tenganisha sehemu mbili ndani ya jedwali: safu ya kawaida, yaani nafasi zinazofuatana, kwa funguo 1 hadi n, na heshi kwa zilizobaki. Lua inafanya hivyo tangu toleo la 5.0 la mwaka 2003. Kwenye safu hukokotoi heshi wala huhifadhi ufunguo, maana nafasi yenyewe ndiyo ufunguo. PHP nayo ina safu ya namna hiyo kwa funguo za namba zinazopanda. Tangu toleo la 8.2 kila nafasi yake inakula baiti 16 badala ya 32.

Kazi ngumu ni kuamua n iishie wapi. Mtu akianza na t[1000000] = 5, yaani akiweka 5 kwenye ufunguo milioni moja, usimtengee nafasi milioni. Mimi nimefuata kanuni ya Lua, na naipenda kwa dhati: chagua n kubwa kabisa, kipeo cha mbili (1, 2, 4, 8 na kuendelea), ambayo zaidi ya nusu ya nafasi zake zina kitu. Hesabu hiyo ifanye heshi inapojaa tu, kamwe si kila unapoingiza kitu.

Jaribu kujaza orodha kinyumenyume, kutoka 1,000 hadi 1. Mwanzoni funguo zote zinaangukia kwenye heshi. Heshi ya nafasi 512 ikishajaa, anaingia wa 513, yaani ufunguo 488. Sasa zaidi ya nusu ya 1,024 imekaliwa, kwa hiyo vyote vinahamia kwenye safu kwa mkupuo mmoja. Mara ya kwanza kuliona hilo kwenye skrini yangu nilisimama kitini.

Na orodha iliyoandikwa moja kwa moja kwenye msimbo, [4, 9, 2], idadi yake kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo, inaijua tayari. Idadi hiyo iweke ndani ya maagizo yenyewe, safu izaliwe na ukubwa wake kamili.