Kindi wa ardhini: anza na mkulima mwenyewe

Ndugu, umeuliza utapata wapi mashamba ya kuwindia kindi wa ardhini. Waendee wenye malisho na alfalfa (majani yanayolimwa kulishia mifugo), maana hao ndio wanaoumia. Jua la asubuhi likishapanda, tazama kingo za shamba: mashimo yenye udongo mbichi mdomoni, vijia vilivyokanyagwa kwenye nyasi, na kindi mmoja amesimama wima akilinda. Hapo lipo kundi. Kisha nenda ukabishe hodi bila bunduki, uombe ruhusa na uulize mifugo iko upande gani. Ujue sheria za eneo lako kwanza. Baadhi ya aina zinalindwa. Na tafadhali, tumia risasi za shaba. Tai na mwewe hula mizoga, na vipande vya risasi za kawaida, zilizotengenezwa kwa madini ya risasi (lead), huwaua kwa sumu.