Jibu: Nani anijaribie programu ya matumizi ya biashara?

Salama mkuu. Umesema programu yako ya kurekodi matumizi ya biashara inafanya kazi kwenye Android, marafiki wanaisifia, ila hakuna anayeitumia. Marafiki waache kwanza. Mtafute mwenye duka anayeandika kwenye daftari, mpe simu, mwambie aingize manunuzi ya leo, halafu nyamaza. Usimwelekeze hata kidogo. Mama mmoja wa duka la vipodozi niliyemkalia hivyo alifika kwenye "chagua kundi", akakosa pa kuweka hela ya bodaboda, akarudi kwenye daftari lake. Muulize pia risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) na meseji za M-Pesa anazifanyia nini, maana matumizi mengi yamelala humo.

Usimuulize kama ameipenda. Atasema "nzuri" kwa heshima tu. Rudi baada ya wiki uangalie kama ameingiza chochote.

Google Play wanaruhusu majaribio ya ndani hadi watu 100, anza na hayo. Ila kama akaunti yako ni ya binafsi na umeifungua baada ya 13 Novemba 2023, kabla ya kuitoa kwa umma utatakiwa uwe na wajaribu 12 kwenye majaribio yaliyofungwa (closed testing, si yale ya ndani) kwa siku 14 mfululizo, kwa hiyo wenye maduka waombe Gmail zao mapema.