Ménage si nyumba: kwa mnaoanza kutafsiri kutoka Kifaransa

Mnaoingia kwenye kazi hii mara nyingi huniuliza maneno ya sheria na ya tiba. Hayo hayajawahi kuniaibisha, kwa sababu nikiyaona naogopa na kuuliza. Lililonivua nguo ni neno dogo la jikoni: ménage.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa dodoso la mradi wa chakula, la kuwahoji wakimbizi kutoka Burundi. Ménage ina watu wangapi? Nikaandika "Nyumba hii ina watu wangapi?" nikasonga mbele bila hata kukuna kichwa. Siku ya kulijaribu dodoso nikafuatana na makarani. Mzee mmoja akajibu: kumi na mmoja. Karani akaandika, kadi moja ya chakula. Tunaaga, mama aliyekuwa akipepeta maharage uani akauliza, "Na mimi mtaniandika lini?" Mafiga yake yalikuwa nyuma ya nyumba, na sufuria yake, na unga wake kwenye ndoo yenye kifuniko. Alikuwa mjane wa mdogo wake yule mzee. Alilala chini ya paa lile na wanawe watatu, lakini chungu chake kilikuwa chake. Nyumba moja, ménage mbili, kwa kuwa ménage hapo ni wanaokula chungu kimoja. Neno langu moja lingemkosesha kadi.

Nilipaswa kuandika "kaya". Ndilo neno la sensa yetu, tuliyohesabiwa kwa usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022. Ila nalo lina kwao: ukisema kaya Kilifi au Kwale, Mmijikenda anaweza kufikiria misitu mitakatifu ya wazee wake, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Kwa hiyo dodoso likiwa la kusomwa kwa sauti, mimi huandika: "Mnaokula chungu kimoja hapa ni wangapi?" Hakuna aliyewahi kuomba ufafanuzi.

Kwa asili, ménage na maison (nyumba) zinarudi kwenye kitenzi cha Kilatini manere, yaani kukaa. Kutoka kwenye kukaa, neno likachukua wanaokaa pamoja, kazi za mahali wanapokaa, na mume na mke wenyewe. Ndiyo maana neno lililo jirani yake ndilo linalokwambia maana. Faire le ménage ni kufagia, kupiga deki, kufuta vumbi. Scène de ménage ni ugomvi wa mke na mume. Nimewahi kuhariri tafsiri iliyosema "tukio la usafi", na aliyeiandika hakuwa mjinga, alikuwa na haraka. Faire bon ménage ni kupatana, na husemwa hata kwa vitu. Se mettre en ménage msihangaike nayo: Kiswahili kimeshasema "kuishi kinyumba", na utamu wake ni kwamba nasi tumepitia nyumba ileile.

Angalieni sana watu. Femme de ménage ni mfanyakazi wa usafi, analipwa. Ménagère ni mama wa nyumbani, halipwi. Ukiwabadilisha kwenye fomu ya ajira umemnyang'anya mtu mshahara. Na kwenye orodha ya zawadi za harusi, ménagère ni seti ya vijiko, uma na visu, kwa hiyo ukiona ya vipande 24, usimtafute mama.

Mkienda Goma au Bukavu mtalisikia katikati ya Kiswahili cha huko: "Niko nafanya ménage." Mara ya kwanza nilisikia "meneja" nikadhani dada yule kapandishwa cheo. Msiwacheke. Bujumbura na Kigali mlinzi wa usiku huitwa zamu, neno letu lililotoka kuwa kazi likawa mtu. Maneno ya nyumbani yana tabia hiyo.

Lakini lipo moja ambalo bado linanichelewesha. Kwenye barua za Kongo ya Wabelgiji, mzungu akiandika ma ménagère, mara nyingi hasemi juu ya mama wa nyumbani wala mfagizi. Ni mwanamke Mwafrika aliyeishi naye kama mke pasipo ndoa, akahesabiwa mtumishi. Watoto wengi waliozaliwa hivyo walichukuliwa kwa mama zao na kupelekwa misheni. Aprili 2019 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliwaomba radhi bungeni machotara wa Kongo, Rwanda na Burundi, na Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels ikawapa haki wanawake watano walioishtaki serikali, ikikitaja kitendo hicho kuwa jinai dhidi ya ubinadamu.

Sasa utaandika nini? "Mke" ni heshima ambayo hakupewa. "Mtumishi" ni kurudia uongo wa mwenye barua. "Kimada" na "hawara" vinamtupia lawama yeye, na "suria" linakuja na utumwa wa pwani, ambao ni habari nyingine. Mara ya mwisho nililiacha ménagère kama lilivyo, nikaongeza nusu sentensi: "mwanamke aliyewekwa nyumbani kwa jina la mtumishi". Mhariri akataka kuikata, eti inarefusha mstari. Nilimpigia simu nikamwomba ibaki.