Unataka kwenda na mbwa kwenye boti Mtera? Soma kwanza

Watu wakiniona na mbwa kwenye boti swali la kwanza huwa ni lilelile, anajua kuogelea? Anajua ndio, mbwa wengi wanajua, ila kwa bwawa la Mtera hilo sio la kuuliza kwanza. La kuuliza ni je, ukimwambia ngoja, anangoja? Mtera kuna mamba wadau, na viboko pia, na mbwa anakaa vizuri tu safari nzima afu mkikaribia nchi kavu akishasikia harufu ya matope na mbuzi wa watu anaruka kabla boti halijagusa chini, anaangukia kwenye maji ya magoti yenye majani, na hapo ndo penyewe mamba anapolala.

Afu ukingo wenyewe hautulii sehemu moja. Lile ni bwawa la umeme, likijaa kabisa linafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na linaweza kushuka mpaka 690, sasa kwa sehemu tambarare kama ile maji yakishuka kidogo tu ukingo unahama mbali, pale mliposhukia masika kiangazi ni tope na visiki vitupu. Kwahiyo waulize wavuvi siku hiyohiyo wanashukia wapi. Usitegemee ulipozoea.

Hilo neno ngoja mfundishe nyumbani. Mi wangu nilimfundishia Ipagala, Dodoma, kwenye bajaji ya mizigo, injini inaunguruma, haruki mpaka niseme shuka, akikaa anapata kipande cha utumbo. Akishazoea ndo unampeleka kwenye boti lililovutwa nchi kavu anusenuse, alale humo, afu maji baadaye.

Ndani ya boti kinachomsumbua mbwa ni miguu. Faiba ikilowa kucha hazishiki, utamuona kapanua miguu yote minne, kucha zinakwaruza, anatetemeka, watu wanasema anaogopa maji kumbe anaogopa kuteleza. Tandika gunia la katani lililoloweshwa, sio salfeti ya plastiki maana nayo inateleza. Utaona analala mwenyewe. Na lile gunia bichi linampoza tumbo, maana mbwa hatoki jasho kama sisi, anajipoza zaidi kwa kuhema, na jua la kwetu huku mnalijua. Akianza kuhema haraka sana, mate mazito, fizi nyekundu, anayumba, hapo safari imeisha, mweke kivulini mmwagie maji mwili mzima na mgeuze boti mkamuone daktari wa mifugo. Maji ya kunywa beba ya nyumbani. Mi natoka alfajiri na kurudi mapema, mchana upepo ukishapanda mawimbi ya Mtera sio ya mchezo na mtumbwi unachezacheza.

Usimfunge mbwa kwenye boti, jamani. Likipinduka anaenda nalo. Mvalishe laifu jaketi yenye mshikio mgongoni, ukikosa dukani fundi wa mabegi anakushonea, ila ijaribu kwanza kwenye maji salama kama kweli inamuelea. Akidondoka zima injini kwanza, propela haichagui, afu mmoja aegemee upande wa pili boti lisilale, wewe umvute kwa mshikio, sio kwa kola, kola inamnyonga.

Ndoano zenye chambo weka kwenye ndoo yenye mfuniko. Chambo kinanukia, mbwa hajui kuna chuma ndani.

Kama boti ni la watu muulize nahodha kabla, na waulize abiria. Wengine ni Waislamu, mate ya mbwa kwao ni najisi, wengine wanaogopa tu, na wote wana haki yao. Kaa naye mbele kabisa, kamba mkononi, na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa uwe nayo, inapunguza maneno. Mi wakikataa nasubiri boti lingine, sibishani.

Ila kuna mbwa wa kumuacha nyumbani tu. Hawa wa kuwindia, akiona ndege kaanza kurukaruka, Mtera ndege wa majini ni wengi mno, utashinda umemshika mgongo na samaki hutavua hata mmoja.