Kabla hujasema aisii (IC) ni feki

Jumamosi iliyopita ameingia kijana mwingine na bodi mkononi. "Shikamoo kaka." Sijamaliza kuitikia marahaba, keshaendelea: "Kaka, hizi aisii za Kariakoo feki tupu." Nikaigeuza bodi. Pini ya 6 haina shaba tena, imebanduka kwa kuchomelewa na kuchomolewa, naona mara ya nne au ya tano. Envelopu ya ADSR ya sinthesaiza (saketi inayoumba kila noti: ataki inapanda, dikei inashuka, sastini inatulia, rilizi inaisha) kwa 7555, aisii ya kupimia muda, saketi ileile mliyoanzia wengi wenu. Ugonjwa ni uleule: ataki inapanda, inakwama njiani, dikei haiji. Huyu ni wa tatu tangu masika yaanze, na wote watatu wameanza na neno "feki". Ndiyo maana naandika, na mnisamehe nikifoka.

1. Anza na pawa. 7812 na 7912, aisii za kutuliza volti 12 chanya na hasi, ni ndugu lakini miguu haifanani: kwenye 7812 mguu wa kwanza ni wa kuingizia, kwenye 7912 mguu wa kwanza ni graundi. Anayezichomelea sawasawa hunusa kosa lake kabla hajaliona.

2. Tumia 7555, siyo 555 ya kawaida. Ile ya kawaida ikigeuka hali hugugumia umeme kwa ghafla, na mgugumio huo utausikia "tik" kwenye spika kila ukibonyeza noti. Yoyote utakayoweka, tia kapasita ya 100nF kati ya pini ya 1 na ya 8, karibu na mwili wake, si mwisho wa waya wa nusu mita. Halafu heshimuni hiyo aisii. Hans Camenzind aliichora 555 mwaka 1971, na imeshawatumikia watu wazembe kuliko wewe. Ikikataa kwako, mtuhumiwa wa kwanza ni wewe.

3. Tesita, yaani mita ya kupimia volti. Hapa nikae kidogo, maana hapa nilivuliwa nguo.

Envelopu yangu ya kwanza niliijenga chumbani, nikiwa na pasi ya kuchomelea ya kuazima na tesita ya njano, ile ya bei chee mnayoijua wote. Kapasita ya 10µF niliichomoa kwenye redio mbovu, kwa ubahili tu. Volyumu ya ataki (rizista ya kuzungusha) nikiifungua mwisho, megaomu 1, envelopu inapanda na kugoma. Siku ileile nikashuku kapasita inavuja, na nilikuwa sahihi. Pigeni hesabu wenyewe: pawa volti 12, dayodi inakula 0.6, pini ya 6 inangoja volti 8 ndipo ataki igeuke dikei. Ukikaribia 8, kwenye ile megaomu inapita mikroampea 3 na ushee basi. Kapasita kuukuu inaweza kuzivujisha zote, na ukasubiri mpaka asubuhi. Nikaweka mpya. Saketi ikapona.

Tatizo ni kwamba sikujua imepona. Niliweka probu juu ya kapasita nithibitishe, tesita ikasoma 5.7, ikaganda hapo. Nikabadilisha 7555. 5.7. Nikabadilisha dayodi zote. 5.7. Nikanunua kapasita za aina tatu, nikajenga bodi upya kabisa, nikachora njia kwa utulivu kama naandika barua ya posa. 5.7! Rilizi nayo ikawa fupi nusu ya hesabu, nikasema basi na volyumu ni feki.

Wiki ya tatu nikaenda Kariakoo na aisii tano kwenye kiberiti. Duka limejaa wateja. Nikamwambia mzee mwenye duka, kwa sauti ya kusikiwa mpaka nje, kwamba anauza takataka. Mzee hakunijibu. Alichukua moja, akaichomeka kwenye kibodi chake cha majaribio chenye taa, ikawaka, ikazima, ikawaka. Ya pili vilevile. Zote tano. Kisha akafungua droo akanirudishia hela yangu yote, akasema, "Kijana, nenda salama." Bora angenitukana.

Siku mbili baadaye nimekaa na probu mkononi, 5.7 yangu inanitazama, mke wangu akaita chai. Nikaiweka probu chini, geti (amri ya noti) bado imewashwa, nikasimama. Kwa pembe ya jicho nikaona ile taa nyekundu ya kwenye bafa (sehemu inayonakili volti ya kapasita bila kuinyonya) inazidi kung'aa, inazidi, halafu ikashuka na kutulia kwenye sastini. Nikarudisha probu, nikaanza upya. Ikakwama. Nikaondoa. Ikapanda na kushuka. Chai ikapoa.

Tesita ile ina ukinzani wa megaomu 1. Volyumu ya ataki megaomu 1. Wakigawana volti 11.4, kila mmoja anapata 5.7, na 8 haifikiwi milele. Kwa wiki tatu nilikuwa nashika mgonjwa shingoni huku namuuliza kwa nini hapumui. Nilirudi kwa mzee na hela yake. Shikamoo ile niliitoa taratibu kuliko zote maishani. Aliitikia, akahesabu noti, akaniuliza kama nataka risasi ya kuchomelea, imeingia mpya.

Dawa: pima kwenye pato la bafa, siyo kwenye kapasita.

4. Osheni bodi. Mabaki ya flaksi (utomvu wa kuchomelea) karibu na pini ya 6 yakinyonya unyevu wa jiji hili yanakuwa rizista ambayo hukuichora. Spiriti na mswaki, dakika 5. Nilikuwa na envelopu iliyofanya kazi mchana ikagoma usiku, jirani akaniambia ni mashetani, na nilikaribia kumwamini.

5. Kupata muda mrefu au mfupi zaidi, msibadilishe volyumu yenyewe, wekeni swichi ya kapasita: 10µF kwa sauti za kujivuta, 1µF kwa ngoma. Rizista ya 1k ikae mfululizo na ataki, la sivyo ukiifunga volyumu mpaka sifuri unailazimisha 7555 kujaza kapasita kwa pigo moja. Volyumu za muda ziwe za A (logi), ya sastini iwe B (ya kupanda sawasawa). Na mnaotaka kuchezea pini ya 5 ili kilele kipande na kushuka, chezeni, ila kumbukeni kilele kikipanda na muda wa ataki unarefuka.

Yule wa Jumamosi nilimpa TL072, aisii ya kujengea bafa, kutoka kwenye kopo langu, akaiunga hapohapo juu ya kipande cha bodi, maana bodi yake haikuwa na bafa. Pini ya 6 tukairukia kwa waya. Akaweka tesita kwenye pato la bafa. 6. 7. 7.9. Ikageuka, ikashuka. Akanyamaza muda mrefu.

"Kwa hiyo kaka, zile nne za mwanzo..."

"Nzima."

"Nimezitupa mtaroni."

"Mtaro gani?" nikamuuliza, maana 7555 si bei ya maandazi.