Maswali ya Wasomaji: Spitfire Hiyo ni ya Mwaka Gani?

SWALI: Shikamoo mzee. Kaka yangu anayefanya kazi Dubai ameniletea boksi la vipande vya plastiki vya kuunga Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, skeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ya kweli). Karatasi ya maelekezo haimo na kifuniko kimechanika, picha haionekani. Rafiki mmoja ananiambia niipake kahawia na kijani kwa kuwa ni ndege ya 1940. Mwingine anashikilia lazima iwe na mistari myeupe na myeusi mabawani. Nimfuate nani? Halafu stika za ndege yangu ya kwanza zilitoka na ukungu mweupe. Kwa nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kabla ya kuwafuata marafiki, mwaga vipande mezani uvikague. Anza na sehemu ya chini ya mabawa. Spitfire iliyopigana angani juu ya Uingereza mwaka 1940 ilikuwa na rejeta moja kubwa chini ya bawa la kulia, na chini ya bawa la kushoto kidude chembamba tu cha kupoza oili. Toleo la tisa, yaani Mk IX, lililoingia vitani 1942, ina rejeta mbili kubwa zinazolingana, kwa sababu injini yake ilikuwa na nguvu zaidi na joto zaidi la kuondoa. Sasa hesabu mabomba ya moshi ubavuni: matatu kila upande ni ya zamani, sita ni Mk IX. Propela nayo itakupa jibu, panga tatu au panga nne.

Ukikuta rejeta moja na panga tatu, na hakuna mizinga inayochomoza mbele ya mabawa, rafiki yako wa kwanza yuko sahihi. Juu paka kahawia na kijani, chini rangi hafifu ya ganda la yai la bata. Ukikuta rejeta mbili, kahawia iweke kando kama unataka ndege iliyorukia Uingereza. Agosti 1941 Waingereza waliiondoa kahawia kwenye ndege zao za kivita za mchana wakaweka kijivu, maana mapigano yalikuwa yamehamia juu ya bahari na upande wa Ufaransa, na kahawia ya mashamba haikuwaficha tena.

Mistari ya rafiki yako wa pili, ambayo ni ya 1944, ndiyo ninayotaka uielewe vizuri, kwa sababu watu huipaka kama pambo. Haikuwa pambo hata kidogo. Usiku wa 11 Julai 1943, wakati wa kuivamia Sisilia, wapiga mizinga wa Washirika wenyewe (Waingereza, Wamarekani na wenzao) waliziangusha ndege 23 zilizobeba askari wa miavuli wa Marekani, wakidhani ni za adui. Ilipokaribia siku ya kutua Normandy, pwani ya Ufaransa, 6 Juni 1944, ikaamriwa ndege zichorwe mistari mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, kwenye mabawa na kuzunguka kiwiliwili karibu na mkia. Amri ilifika siku chache tu kabla, ili siri isivuje. Mafundi wakashika brashi wakapaka usiku na mchana, ndege baada ya ndege. Ukitazama picha za siku zile utaona kingo zimepinda, brashi imeacha alama, na nyeupe imeingia kwenye nyeusi. Mimi naipenda ile mistari iliyopinda kuliko yote iliyonyooka kwa tepu, maana naona ndani yake mikono ya watu waliochoka. Kwa hiyo ziba kwa tepu ukipenda, lakini pitisha brashi ndogo kingoni baadaye.

Kwa ndege ya injini moja kila mstari ulikuwa na upana wa sentimita 46 hivi. Kwenye skeli yako hiyo ni milimita 6 na kidogo, na yote mitano inachukua kama milimita 32. Kuwa makini na tarehe pia: Julai 1944 iliamriwa mistari ya juu ifutwe, kwani ndege zilishaanza kukaa kwenye viwanja vya Normandy na kutoka angani zilionekana waziwazi. Ndege ya Agosti yenye mistari juu na chini itakuwa na kasoro.

Kuhusu stika: ulizibandika juu ya rangi isiyong'aa. Rangi hiyo ina vinundu vidogo mno, hewa inabaki chini ya stika, na hewa hiyo ndiyo ukungu wako. Pitisha vanishi inayong'aa kwanza, iache ikauke kabisa, bandika, kisha malizia kwa vanishi isiyong'aa. Huko Tanga unyevu ni mwingi kama huku kwangu. Masika mimi sipulizi vanishi mpaka nipate mchana wa jua kali, vinginevyo inageuka maziwa.

SWALI: Nataka kutengeneza ndege ya vita iliyoruka kwetu Rufiji. Ipo?
Msomaji, Kibiti

JIBU: Ipo, na nimefurahi sana umeuliza. Tengeneza Henri Farman ya 11 Julai 1915. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha kwenye delta baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza hapo Zanzibar mnamo 20 Septemba 1914. Meli za Waingereza, Severn na Mersey, ziliipiga bila kuiona, zikiongozwa na ndege kutoka Mafia. Siku hiyo rubani alikuwa Cull, na mwenzake Arnold akizitumia meli masahihisho ya shabaha kwa simu ya upepo. Injini ikapigwa. Ndege inashuka, Arnold bado anatuma. Waliangukia mtoni karibu na Mersey wakaokolewa wote wawili, na Königsberg haikutoka tena. Mzinga wake mmoja unaweza kuugusa Fort Jesus, Mombasa.

Mabawa yake ni mawili, moja juu ya jingine, injini iko nyuma ya rubani, na mkia umeshikwa na vijiti na nyaya. Nyaya hizo zitoe kwenye fremu ya plastiki inayobaki ukishatoa vipande: ipashe juu ya mshumaa bila kuigusisha moto, ikilainika ivute taratibu mpaka iwe nyembamba kama unywele. Paka rangi mabawa yote kabla ya kuzifunga, kwani baadaye brashi haitapita.